Daeso alionewa: uzi wa kuwatetea maadui wa sizoni za Kikorea (na majirani zao)

#1, Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na kama hujamaliza Jumong, Queen Seondeok au Jewel in the Palace, ishia hapa hapa, maana nataja nani anakufa na anakufaje. Usije baadaye kunilaumu kwamba nimekumalizia utamu.

Hoja yangu ni hii: sizoni za Asia tulizokua nazo zinabebwa na adui. Steringi kapewa picha kubwa kwenye kasha la DVD tu. Steringi hafi, hilo tunalijua tangu enzi za mabanda ya video, kwa hiyo hata akining'inizwa kwenye mwamba moyo haukudundi. Anayeweza kupoteza kila kitu ni adui. Ila naweka sharti: awe na sababu. Adui anayechukia kwa kuwa mwandishi kaamua achukie, huyo simhesabu.

Nianze na kesi kubwa kuliko zote: mwanamfalme Daeso.

Jumong ilirushwa na MBC ya Korea Kusini mwaka 2006 hadi 2007. Ilipangwa iwe na episodi 60, Wakorea wakaipenda mno, ikavutwa hadi 81. Huku kwetu kila mtu alishangilia Jumong, na Daeso akitokea tu watu wanasonya. Sasa naomba leo ukae kwenye kiti cha Daeso.

Wewe ni mtoto wa kwanza wa mfalme Geumwa wa Buyeo. Mama yako ndiye malkia wa ndoa. Umelelewa ukijua kiti ni chako, na umejifunza upanga na siasa kwa ajili hiyo. Baba yako anamleta ndani mwanamke mwingine, Yuhwa, mwenye mimba ya rafiki yake Hae Mo-su. Mtoto anazaliwa, analelewa kama mwanamfalme, na mzee anampenda kuliko ninyi wa damu yake. Haya, huyo mtoto ni mtu wa namna gani? Rudi kaangalie episodi za mwanzo. Jumong ni goigoi! Upanga hauwezi, woga umemjaa, na akili yake iko kwa wasichana. Bu-young anafukuzwa hekaluni kwa sababu yake. Na bado mzee anamtazama yeye kwa macho ambayo Daeso hajawahi kutazamwa nayo tangu azaliwe.

Ningekuwa mimi ningenuna pia.

Sitetei kila kitu. Safari ile ya kwenda mlimani kwenye upinde mtakatifu wa Damul, Daeso na mdogo wake Young-po wanamwacha Jumong azame topeni, na bila msafara wa Soseono, binti wa mfanyabiashara, kupita pale tusingekuwa na sizoni. Hiyo ni dhambi. Lakini angalia siasa yake ukubwani. Buyeo ina jirani mmoja, dola la Han, lenye askari wasiohesabika na chuma cha pua, wakati Mo Pal-mo wa watu anahangaika na tanuri, kila upanga anaoufua unavunjika. Geumwa anataka vita. Daeso anasema tuishi nao kwanza, na anamuoa Yang Seol-ran, binti wa gavana wa Han kule Hyeondo. Mtaani tulimwita msaliti. Mimi namuona mtu aliyehesabu ghala na askari akajua hesabu haifiki. Jumong anaweza kucheza kamari kwa kuwa mwandishi yuko upande wake. Daeso hana mwandishi, ana nchi ya kulisha.

Na hapa ndipo kesi inapogeuka. Samguk Sagi, kitabu cha historia ya Wakorea kilichokusanywa na Kim Bu-sik mwaka 1145, kinasimulia kwamba Geumwa alikuwa na wana saba na hakuna aliyemfikia Jumong kwa uwezo. Daeso, mkubwa wao, akamwambia baba yake kwamba kijana huyu asipoondolewa mapema atatuletea balaa. Mzee hakusikia. Akampa Jumong kazi ya kutunza farasi, na Jumong akawa anamnyima chakula farasi mzuri ili akonde na mfalme ampe huyo. Huyo ndiye steringi wetu, anakondesha farasi wa watu. Akakimbia, akaanzisha Goguryeo mwaka 37 KK. Basi kitabu hicho hicho kinasema mwaka 22 BK jeshi la Goguryeo chini ya Muhyul, mjukuu wa Jumong, liliingia Buyeo, na Daeso akakatwa kichwa vitani.

Mtu alionya, akapuuzwa, kikamkuta yeye mwenyewe uzeeni. Na tuliambiwa yeye ndiye mbaya.

(Nyongeza ya wapenzi: mwaka 2008 Wakorea walitoa The Kingdom of the Winds, hadithi ya huyo Muhyul. Aliyemuigiza? Song Il-gook, yule yule Jumong. Daeso anaandamwa na sura ile ile hadi kwa wajukuu.)

Kabla sijatoka Buyeo, niseme neno kuhusu Soseono. Aliyeonewa kuliko hata Daeso ni yeye. Anamuokoa Jumong topeni, anasikia kafa, anaolewa na Uta ili Daeso asimchukue kwa nguvu, kisha anatoa mali ya ukoo wake Jolbon yote kujenga nchi mpya. Nchi ikisimama, anarudi Yesoya, mke wa kwanza wa Jumong, na mwanawe Yuri. Soseono anakusanya wanawe Biryu na Onjo na watu wake, anaelekea kusini bila kelele. Huko Onjo akaanzisha Baekje, 18 KK. Kuna wanaosema Yesoya ndiye alikuwa na haki. Mimi sibishani nao, Yesoya hakumkosea mtu. Nasema tu aliyelipa bili ni Soseono.

Tuje kwa Mishil.

Queen Seondeok, MBC, 2009, episodi 62. Go Hyun-jung aliigiza kwa nyusi, wakuu. Unyusi mmoja ukipanda na tabasamu bado liko mdomoni, ujue kuna mtu hataiona kesho. Mwisho wa mwaka ule MBC walitoa Daesang, tuzo yao kubwa kabisa, na haikwenda kwa aliyeigiza malkia. Ilikwenda kwa adui.

Kwa nini anakaa kichwani? Kwa sababu nguvu yake ni elimu. Ana kalenda, ana watu wanaosoma nyota, anajua mvua inakaribia lini, kisha anatoka mbele ya umma na mavazi meupe kana kwamba mbingu zimemnong'oneza. Watu wanapiga magoti. Deokman, binti wa mfalme atakayekuwa malkia Seondeok, akija anataka kujenga Cheomseongdae, mnara wa kutazama nyota, ili kila mkulima ajue majira mwenyewe. (Mnara upo mpaka leo kule Gyeongju.) Mishil anamuuliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri ndani ya sizoni nzima: utatawala kwa nini, kama siri umewapa wote? Hapo hakuna mbaya na mwema. Kuna watawala wawili wanabishana, na mimi nilikuwa nasimamisha video nifikirie.

Halafu kuna lile pigo la ndani. Silla, nchi ya kwenye sizoni hii, walipanga watu kwa daraja za damu, walizoziita mifupa, na kiti kilikuwa cha mfupa mtakatifu. Mishil kapindua wafalme, kapanga ndoa, kaua, na ndoto yake siku zote ilikuwa kuwa mke wa mfalme. Anatokea Deokman, binti aliyekulia jangwani, anasema waziwazi kwamba atakuwa mfalme yeye mwenyewe. Mishil anacheka, kisha anabaki kimya. Kwa nini mimi sikuota hivyo? Umri umeshakwenda. Ile sura yake pale inazidi vita vyote vya Jumong.

Na kifo chake. Amezingirwa ngome ya Daeya, ana askari wa mpakani wanakuja kumuokoa, wakifika anaweza kushinda. Habari zinafika kwamba mpaka ukiachwa wazi Baekje wataingia. Anawarudisha. Anakunywa sumu akiwa amekaa kitini, mgongo umenyooka. Hiyo ni episodi ya 50. Zile 12 zilizobaki nilizimaliza kwa heshima tu, kama mtu aliyebaki msibani kuosha vyombo.

Kichekesho ni kwamba Samguk Sagi haimtaji kabisa. Yumo kwenye maandiko yanayoitwa Hwarang Segi ambayo wataalamu wanabishana kama ni ya kale kweli au yalitungwa baadaye. Huenda mwanamke bora kuliko wote kwenye sizoni za Korea hakuwahi kuzaliwa.

Jewel in the Palace sitakaa sana, kila mtu anaijua (2003 hadi 2004, episodi 54, Lee Young-ae). Hapo simtetei Lady Choi. Namtetea mpwa wake, Geum-young. Ana mkono wa kupika wa kuzaliwa nao na anataka kushinda kwa mkono huo. Shangazi anamtuma kuficha hirizi, ukoo unamwambia jiko la mfalme ni urithi wetu, na kijana anayempenda tangu utotoni, Min Jeong-ho, anampenda Jang-geum, steringi wa sizoni. Angezaliwa nyumba nyingine wangekuwa marafiki na Jang-geum. Kila akitenda ubaya unamuona usoni kwamba anajidharau. Wangapi humu wanafanya kazi ya ukoo wasiyoiamini? Tuendelee.

(Mtaniambia kama mligundua: Gyeon Mi-ri aliyekuwa Lady Choi ndiye malkia mama yake Daeso kwenye Jumong. Huyu mama hajawahi kuingia ikulu kwa heri.)

Sasa wale niliowakatalia. Temptation of Wife ya SBS, 2008 hadi 2009. Mume anamwacha mkewe azame baharini, mke anapona, anarudi mjini na jina jipya na KIDOTI chini ya jicho, na mume hamtambui. Anamchumbia tena! Na Ae-ri, aliyelelewa na mwenzake kama dada kisha akamchukulia mume, anapiga kelele episodi 129 bila kuniambia anataka nini hasa. Na zile za Zee World, hasa Twist of Fate. Kumkum Bhagya, jina lake la kwao, ilianza 2014 na ikapita episodi 2,000. Tanu na Aaliya wanapanga njama Jumatatu, Ijumaa imefeli, Jumatatu wanapanga nyingine. Kamera inamzungukia kila mtu sebuleni mara tatu na radi juu, hata mtumishi aliyeleta chai. Adui asiyejifunza kutokana na kushindwa ni pambo.

Waturuki nimewaacha makusudi. Wanahitaji uzi wao.

Karibuni, ila mje na hoja.

#2

Nimeweka kiti hapa. Uzi wa kibabe.

#3

Mkuu umeandika vizuri lakini umepotosha jamii. Jumong kuwa goigoi mwanzoni ndiyo hadithi yenyewe! Mtu anaingia gereza la pangoni, anamkuta kipofu mmoja, anajifunza upanga kwake, na wote wawili hawajui kwamba ni baba na mwana. Mimi pale nililia na sioni haya. Daeso alizaliwa na kila kitu, mbona hakubadilika? Miaka yote ni husuda ile ile. Jumong alijitengeneza, na akina Mari, Oyi na Hyeopbo walimfuata kutoka kwenye uhuni wa mtaani kwa sababu waliona mtu. Nani alimfuata Daeso kwa mapenzi? Nitajie mmoja tu.

#4

Mleta uzi ni mwanamume, inaonekana. Umepita ikulu zote ukasahau adui mkuu wa tamthilia za Asia: MAMA MKWE.

TBC 2011, Mao Doudou, ya Kichina, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Doudou ni nesi, anaolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake waliachana. Kwa hiyo dada wa watu anapata mama mkwe mzazi na mama mkwe wa kambo, mmoja akipelekewa zawadi mwingine ananuna. Hakuna upanga wala sumu. Kuna nani kaalikwa chakula na nani hakualikwa. Nyumbani kwetu mama yangu mzazi alikuwa upande wa wakwe na wifi upande wa Doudou, tukawa tunazima TV kila mtu kanuna. Hata rais wao Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake.

Na huyo mama mkwe ana sababu zote unazozitaka wewe. Kaachwa, kamlea kijana, kijana ndiye mali yake pekee. Halafu anakuja nesi. Mbona hukumtetea?

Kwa Wahindi vilevile, Kokila, mama mkwe wa Gopi. Alianza mkali kama pilipili, Gopi akaosha kompyuta mpakato kwa sabuni na maji akaianika, na mwisho Kokila huyo huyo ndiye anayemkingia kifua. Adui anayegeuka kuwa mzazi nampenda kuliko anayekunywa sumu.

#5

Hiyo ya kuanika kompyuta ndiyo ilinifanya niache kuangalia mambo ya Wahindi. 😂

#6, Mleta uzi

#3: wa kumfuata Daeso kwa mapenzi, hata mimi simpati, na nadhani ndicho kilichomuua. Lakini husuda yake unaihukumu kirahisi. Jumong alipata mwalimu pangoni, akapata mama anayempigania usiku na mchana, akapata Soseono. Daeso alikuwa na mama anayemchochea, mdogo wake Young-po anayemtega, na baba anayemkwepa. Halafu usisahau Buyeo na Goguryeo mwishoni wanasimama pamoja dhidi ya Han. Daeso akiwa mfalme alimeza kiburi na kupeleka jeshi kumsaidia mtu aliyemnyima usingizi ujana wake wote. Unasema hakubadilika?

#4: dada, umenishika. Mama mkwe anastahili kesi yake, na Doudou niliiona. Nilichoipendea ni kwamba hakuna aliyeshindwa. Yule nesi alikuwa anajifunza kila mama anataka kusikia nini, kisha anamwambia hicho, bila kusema uongo. Hiyo ni siasa ya juu kuliko ya Mishil. Ila kwa Kokila tutagombana: aligeuzwa mwema kwa sababu watazamaji walimpenda na tamthilia ilikuwa lazima iendelee.

#7

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mmesahau Wafilipino kabisa. The Promise, ile ya 2000 hadi 2002 kwao, ikatufikia baadaye. Yna na Angelo, kila mtu shuleni alikuwa anawalilia. Lakini nikiangalia sasa nikiwa mtu mzima, naona watoto wale walikuwa kisingizio. Tamthilia ni ya Amor na Claudia.

Amor alikuwa mtumishi wa ndani kwa kina Buenavista, akapendana na kijana wa nyumba, Eduardo, akafukuzwa na mimba yake. Anarudi miaka baadaye tajiri, Amor Powers, kuwamaliza wote. Claudia ndiye mke wa Eduardo. Sasa niambie, adui ni nani hapo? Amor ana haki lakini anafanya mabaya. Claudia ni mbaya lakini yeye pia aliolewa na mwanamume ambaye moyo wake ulibaki kwa mtumishi, na alilijua hilo kila siku. Wote wawili wanapigana makofi na Eduardo amesimama katikati akitoa macho kama samaki. Mwenye makosa ni Eduardo na hakuna anayempiga kofi yeye! Watunzi wa Asia wanawapenda sana wanaume wapole waliosababisha kila kitu. Geumwa wenu ni wale wale.

#8

#7 umemaliza. Geumwa ndiye adui wa Jumong. Aliwaweka wanawake wawili na wana watatu chini ya paa moja, akashangaa moto umetoka wapi.

#9

Mimi nina pingamizi kwa sharti la mleta uzi, kwamba adui lazima awe na sababu.

Angalia The Glory, 2022 na 2023. Park Yeon-jin na genge lake wanamchoma Moon Dong-eun kwa pasi ya nywele kwenye jumba la michezo la shule. Sababu? Hakuna. Dong-eun ni maskini na hana wa kumtetea, basi. Wangempa Yeon-jin utoto wa mateso kama wanavyofanya kwa kila adui, ile sizoni ingekufa. Inatisha kwa sababu Yeon-jin mpaka mwisho haelewi kakosa nini. Anasoma utabiri wa hali ya hewa kwenye TV, ana mume, ana mtoto, na kwake yale ya shuleni yalikuwa mchezo. Waliosoma bweni wanajua watu wa namna hii wapo, na wengine leo ni viongozi wanatusalimia msibani.

Kwa hiyo Daeso mpe sababu, sawa. Lakini usiseme asiye na sababu ni pambo.

#10, Mleta uzi

#9, Yeon-jin nampokea, ila kwa mlango mwingine. Tanu hana sababu kwa kuwa hakuna aliyekaa chini kufikiri. Yeon-jin hana sababu kwa kuwa mwandishi alifikiri sana, na kila mtu anayemzunguka ameandikwa kuonesha jinsi mtu wa vile anavyolindwa: mwalimu anayempiga aliyeonewa, polisi anayerudisha jalada, mama mzazi wa Dong-eun anayesaini karatasi kwa pesa. Yule mama mzazi ndiye aliyenikosesha usingizi. Yeon-jin nilimchukia vizuri tu na roho ikatulia. Mama Dong-eun bado namtafutia adhabu.

#7 na #8, Eduardo na Geumwa mnaweza kuwafungulia mashtaka, mimi nitakuwa shahidi wenu.

#11

Mkuu, mimi nimeishia Jumong tu, haya mengine sijayaona. Naanza na ipi? Na hiyo ya Mishil nimeijaribu ikanishinda, episodi za mwanzo ni mtoto yuko jangwani tu anauza chai na kusoma vitabu.

#12, Mleta uzi

Anza na hiyo hiyo iliyokushinda. Ruka ukitaka, lakini usiruke kipindi cha mvua ya Mishil. Jangwani vumilia, Deokman akishaingia Silla na kujiunga na Hwarang, vijana wapiganaji wa Silla, akiwa kavaa kiume, hutoki tena. Bidam anakuja karibu na episodi ya 20, kachafuka, anagombania kuku. Mtazame vizuri huyo kijana, na mtazame Mishil anavyomtazama yeye. Sikuambii ni kwa nini, ingawa juu huko nimeshawaua nusu ya wahusika.

#13

Huyo Bidam ndiye wa kufunguliwa uzi. Nakuja nao kesho. Mleta uzi usilale.